Faida ya bilioni 10.5 au hasara ya bilioni 22.7? Takwimu za mashirika ya ndege kwenye habari

Mhariri wa Zamu
Wakuu, naomba msaada. Matokeo ya Kenya Airways ya mwaka 2023 kuna walioyaandika "faida bilioni 10.5" na walioyaandika "hasara bilioni 22.7". Shilingi ni zilezile za Kenya. Nani kakosea? Pia kiwango cha kujaa viti kinanisumbua, kila nikikokotoa napata jibu jingine.

Hesabu Kwanza
Namba zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuandika "faida" bila kusema ni ipi. Ile 10.5 ni faida ya uendeshaji: mapato ukishatoa mafuta, mishahara, matengenezo, ada za viwanja. Chini yake kuna riba na hasara ya kubadilisha fedha. Madeni mengi ni ya dola, na mwaka ule dola ilipanda kutoka takriban shilingi 123 hadi 156. Hapo katikati zikaliwa bilioni 33 na ushee, ikabaki ile hasara ya 22.7 baada ya kodi. Kichwa cha habari kibebe matokeo baada ya kodi, ya uendeshaji iingie aya ya kwanza.

Mwaka 2024 mtego uligeuka. Faida baada ya kodi ilikuwa bilioni 5.4, lakini shilingi nayo iliimarika hadi kama 129 kwa dola. Ukilinyamazia hilo, msomaji ataamini ni mauzo ya tiketi peke yake. Na tafadhali, usiandike "faida imepanda kwa asilimia 124". Ukitoka kwenye hasara kwenda kwenye faida asilimia haina maana; weka namba zote mbili.

Kiti na Kilomita
Kuhusu viti, umbali lazima uingie. Chukua safari mbili:
Fupi: kilomita 400, viti 100, abiria 90.
Ndefu: kilomita 7,000, viti 200, abiria 120.

Ukichukua wastani wa 90% na 60% unapata 75%. Ukigawa abiria 210 kwa viti 300 unapata 70%. Zote mbili siyo. Zidisha abiria kwa kilomita: 36,000 + 840,000 = 876,000. Zidisha viti kwa kilomita: 40,000 + 1,400,000 = 1,440,000. Gawa: 60.8%. Hiyo ndiyo mashirika hutangaza, kwa sababu kiti kitupu cha kilomita 7,000 kinaumiza kuliko cha 400.

Mhariri wa Zamu
Nimeelewa, asante sana. Kikitoka 70% hadi 77%, kimepanda asilimia 7?

Kiti na Kilomita
Hapana, pointi 7 za asilimia. Kwa asilimia ni 10, maana 7 ni sehemu ya kumi ya 70.

Hesabu Kwanza
Angalia na kipindi, mkuu. Kenya Airways hiyohiyo ilihamisha mwisho wa mwaka wake wa fedha kutoka Machi hadi Desemba, kwa hiyo hesabu zilizoishia Desemba 2017 ni za miezi 9. Ukizilinganisha na miezi 12 iliyotangulia, utatangaza anguko la mapato ambalo halikutokea.