Ushauri: kipimo cha triga kinanipa namba tofauti kila nikivuta, na mechi ni Jumapili

Mtwara Baridini
Wakuu salaam. Niko Ujerumani, mji mdogo tu, nasomea uuguzi. Majirani walinivuta kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, bastola ya upepo, mita 10, nikanogewa. Jumapili hii nina mechi yangu ya kwanza. Sheria inataka uzito wa kuvuta triga usiwe chini ya gramu 500. Nimeagiza kipimo cha kidijitali, kile chenye kindoano mbele na kioo kidogo: unatia kindoano kwenye triga, unavuta mpaka iachie, namba ya juu inabaki kwenye kioo. Leo nimevuta mara tano: 538, 471, 503, 512, 489. Bastola ileile, mkono uleule. Niamini ipi? Sijalala vizuri tangu Jumatano.

Buchani Kwetu
Mizani za hivyo nazijua mkuu. Nina bucha Temeke. Nilinunua ya kidijitali, feni ikiwaka namba zinacheza, feni ikizimwa zinatulia. Mtaa mzima ukaniita mwizi kumbe ni upepo. Nimerudi kwenye mawe. Hicho kipimo bei gani lakini?

Mstaafu wa Kambi
Sisi JKT hatukupima triga, tulipimwa sisi. Afande anakuwekea sarafu juu ya mtutu, bunduki haina kitu, unavuta triga. Sarafu ikidondoka unazunguka uwanja na silaha kichwani. Mimi nimezunguka ule uwanja mpaka nikajua kila kichuguu. Vijana wa sasa mnataka mashine iwaambie kidole chenu kina uzito gani.

Mama Wawili
Mwanangu, umepelekwa kusomea kutibu watu, wewe unashika bastola? Wazazi wako wanajua?

Fundi Saa
Namba zinacheza kwa sababu wewe unacheza. Ukivuta kwa pupa kioo kinanasa ule mshtuko, bila shaka 538 imetokea hapo. Kindoano kikiteleza kwenye ncha ya chini ya triga, inaachia kwa nguvu ndogo, kikipanda juu inakuwa nzito. Kiweke katikati, vuta polepole kama unayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Halafu kipimo kirudishe sifuri kikiwa kimelala au kimesimama vilevile utakavyokivutia, maana kindoano chenyewe kina uzito.

Ila kuna kitu sielewi. Mbona hupimi klabuni? Wakaguzi hawahangaiki na kioo. Mtutu unatazama juu, jiwe la gramu 500 linaning'inia katikati ya triga, linanyanyuliwa kutoka mezani. Likinyanyuka na triga haijaachia, umepita. Unapewa majaribio matatu. Klabu gani ya bastola isiyo na jiwe hilo?

Mtwara Baridini
Shukrani Fundi. Jiwe lipo, ila klabu iko mbali kidogo, na funguo anazo mzee mmoja.

Nusanusa
Majirani ndio waliokuvuta, halafu klabu iko mbali? Kuna kitu umekikalia mkuu. Kitoe.

Mtwara Baridini
Haya. Bastola si yangu, ni ya klabu. Yule mzee kaniazima mpaka Jumapili nifanyie mazoezi nyumbani bila risasi. Niliona triga nzito, kipimo kilisoma 560 na kitu. Kwenye video jamaa alikuwa anazungusha skrubu kwa kiufunguo kidogo, nami nikazungusha nusu duara. Labda na robo. Lakini msinihukumu. Kipimo kina hesabu yake ya wastani, mivuto kumi imenipa 502, na 502 ni kubwa kuliko 500. Nimeuliza kuhusu namba, sijauliza kuhusu tabia.

Fundi Saa
Wastani wa 502 kwa namba zinazoruka hivyo, karibu nusu ya mivuto yako iko chini ya 500. Mkaguzi hajui wastani, anajua jiwe. Na anaweza kukuita hata baada ya kumaliza kupiga. Ukishindwa hapo unafutwa, hata kama ulikuwa unaongoza. Wazoefu huacha 520 au 530 walale usingizi. Wewe ulikuwa na 560, ukaenda kuitafuta shida na bisibisi.

Mtwara Baridini
Si bisibisi, ni kiufunguo.

Mtoto wa Likoni
Ndugu yangu, mbona hujitafutii njia rahisi? Hamia bunduki ya upepo. Huko mita 10 uzito wa triga ni huru, weka unavyotaka. Tofauti ni kwamba pointi kumi ya bunduki, pale katikati ya shabaha, ni kijidoa cha nusu milimita. Ya bastola ni milimita 11.5, hiyo hata mimi naiona bila miwani.

Nusanusa
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Nimefukua. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa anauza shamba la mihogo Mkuranga, "niko site, njooni mwone". Leo yuko Ujerumani anapima triga. Na nani huko anampa mgeni bastola aende nayo nyumbani kama bakuli la futari?

Buchani Kwetu
Mimi niko palee na kikombe changu. Ila bei ya kipimo hajasema.

Pili wa Hamburg
Hilo la bastola linawezekana. Huku silaha ya upepo isiyozidi joule 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano, mtu wa miaka 18 anainunua dukani bila kibali. Kuibeba njiani ndiko kuna masharti, iwe kwenye boksi lenye kufuli. La shamba silijui, ajibu mwenyewe.

Kama ni chai tutaijua sasa hivi. Mtwara, chukua chupa ya maji ya nusu lita na mizani ya jikoni. Maji peke yake ni gramu 500, kwa hiyo mwaga kidogo mpaka chupa, kizibo na kamba kwa pamoja visome 500. Bastola iwe na hewa yake kama inavyopigwa, ndivyo wakaguzi wanavyotaka, lakini RISASI HAKUNA. Mtutu juu. Nyanyua mara tatu, utuambie.

Mtwara Baridini
Shamba ni la baba. Aliye Mkuranga ni kaka, akaunti hii tunatumia wote wawili.

Nusanusa
Akaunti ya ukoo. Haya.

Mtwara Baridini
Nimerudi. Mizani ni ya mama mwenye nyumba, ya kupimia unga. Nimechungulia mara mbili, risasi hakuna. Ya kwanza chupa ilinyanyuka, ikawa inajizungusha taratibu kwenye kamba, triga kimya. Ya pili vilevile. Ya tatu kitako cha chupa kilikuwa ndiyo kwanza kimeachana na meza, nikasikia tak. Chupa ikaangukia ubavu, na kizibo sikukikaza. Daftari langu la anatomia limelowa kuanzia mifupa ya mkono hadi nyonga.

Nusanusa
Chai haimwagiki hivyo. Naondoa neno langu, nusu.

Fundi Saa
Basi jibu unalo. Iko mpakani kabisa. Usiiguse tena, mwambie mzee leo, siyo Jumapili asubuhi.

Mtwara Baridini
Nikiirudisha mwenyewe ile nusu duara si itakuwa imekwisha? Hata hatajua.

Pili wa Hamburg
Na ile robo?

Mama Wawili
Mwambie mzee wa watu.

Mtwara Baridini
Nimemwandikia. Nimesema samahani, niligusa skrubu ya triga, naomba unisaidie Jumamosi. Kasoma hapo hapo, akakaa kama dakika kumi, kisha kajibu kwa neno moja: "Ipi?"

Wakuu, kwani ziko ngapi?