Tupeane uzoefu: gari lako kuukuu lilipitaje kwenye ukaguzi?

Mwana Mafiati: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita uwanjani nikakuta Hiace na Coaster za shule zimepangwa foleni, trafiki wanachungulia uvunguni na tochi. Nimekumbuka mbali. Corolla yangu ilinyimwa stika ya Nenda kwa Usalama kwa sababu ya taa ya rivasi, na balbu nzima kabisa! Tukahangaika na nyaya weee, kumbe swichi ya kwenye giaboksi ndiyo imekufa. Wenye magari ya zamani, mwageni.

Kipara Ngoto: Hiyo swichi isikie kwa jirani tu.

Mama Noah: Mimi wiki ijayo napeleka gari la kubeba watoto. Nimeshanunua mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Matairi ya nyuma ndiyo yananipa mawazo.

Suka Mstaafu: Uzi huu umenigusa. Nilikuwa naendesha Hiace ya tajiri mmoja, Uyole–Mbalizi. Anayeijua Mbeya anajua mteremko wa Iwambi hautaki mzaha. Siku ya ukaguzi tukampata mkaguzi mtu mzima, hasikilizi hadithi. Alishika kila tairi juu na chini akalitikisa kusikiliza bolijointi, akacheza na usukani, taa, waipa, mikanda. Vyote safi. Akapanda mbele, tukaenda kwenye kilima. Katikati akasema simama, weka fri, vuta breki ya mkono, zima, shuka. Gia hakutaka, alitaka kuona breki ya mkono peke yake. Ikashika. Yeye kabaki ndani anaandika, mimi nimeshuka nazunguka nyuma. Nasikia changarawe zinalia taratibu chini ya tairi. Kutazama, gari linarudi! Nikamkimbilia mlangoni, konda akatupa jiwe, tairi likalipanda likalivuka. Akatupa la pili, kubwa, hilo ndilo likaling'ang'ania gari, mtaro uko hatua mbili nyuma. Mkaguzi akashuka hajasema neno. Akaagiza tairi lifunguliwe palepale. Kutoa drami, brek shu, vile vipande vinavyobana drami gari lisimame, zimelowa tititi, nyeusi, zinanuka oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma. Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilishachanika. Hakudai hata shilingi. Alisema tu nikafunge sili mpya na shu mpya ndipo nirudi, maana watakaokufa si yeye ni abiria. Mpaka leo namheshimu yule mzee.

Kipara Ngoto: Duh! Konda huyo alistahili mshahara wa dereva.

Binti Soweto: Mkaguzi alikuwa ndani muda wote?? Nimeshika kichwa.

Suka Mstaafu: Ndani, kalamu mkononi.

Spana 14: Pole sana mkuu. Ila shu mpya mlipoteza hela. Unaziosha kwa petroli, unapiga msasa, unaanika juani, zinashika kama kawaida.

Fundi wa Uyole: Spana 14, usidanganye watu. Ile laini, yaani uso wa shu unaosugua drami, inanyonya oili mpaka ndani. Petroli inakausha juu tu, ukishuka mlima breki zikipata moto oili inarudi juu. Na upande mmoja ukishika, mwingine usishike, gari linavuta pembeni. Shu zikishalowa ni za kutupa, tena pande zote mbili.

Spana 14: Mimi nimeosha miaka yote na hakuna aliyekufa.

Fundi wa Uyole: Hakuna aliyerudi kukwambia.

Mvita Dere: Kwetu Mombasa jiwe halikuokoi. Matatu yapandishwa kwenye mashine ya rola, kila gurudumu lapimwa nguvu yake ya breki. Kushoto na kulia zikipishana sana, umeanguka, rudi gereji.

Mdau Leicester: Huku Uingereza gari likifikisha miaka 3 linapimwa kila mwaka, wanaita MOT. Tairi lisipungue milimita 1.6. Watu wanachomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji wa tairi, ukiona ukingo wake wa nje ujue tairi limekwisha. Na matokeo yote yako mtandaoni, mnunuzi anaingiza namba ya gari anaona lilifeli nini na lini.

Kijiwe Boy: Mama Noah, achana na sarafu. Azima matairi kwa jirani, kagua, rudisha jioni. Wote tunafanya.

Binti Soweto: Kijiwe Boy, hilo gari linabeba watoto. Wangekuwa wako ungesema hivyo?

Kijiwe Boy: Nimesema kinachofanyika, sijamlazimisha mtu.

Mwana Mafiati: Jamani tusigombane. Mama, hata ukinunua tairi la mtumba angalia tarehe. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu 4 za mwisho. 1612 maana yake wiki ya 16 ya mwaka 2012. Linaweza kuwa na meno mazuri na bado limezeeka.

Mama Noah: Asante kaka. Nimetoka kuangalia, la kulia linasoma 0911. Nanunua mawili mapya, ada za watoto ndiyo hizo. Ila kwa ndani nimeona unyevu mweusi kwenye rimu, umenitia hofu baada ya stori ya Suka.

Fundi wa Uyole: Mama, fungua drami kabla ya kununua chochote. Ikiwa ni oili ya difu, usibadili sili peke yake. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto presha inaisukuma oili ipite kwenye sili, hata iwe mpya.

Suka Mstaafu: Kweli tupu. Sili yetu mpya ilivuja tena mpaka tulipozibua hicho kitundu.

Mama Noah: Nimempigia fundi, anakuja kesho asubuhi kabla sijawachukua watoto. Nitaweka picha ya hizo shu hapa.