Kinu cha nyuklia mnataka kutujengea, taka zake mtazika wapi??

Wadau nimekereka mpaka usingizi umekata. Tangu serikali yetu ya Kenya ituambie Uyombo hapa Kilifi patajengwa kinu cha megawati 1000 tumeimbiwa umeme, ajira, barabara, sasa wimbo umehamia Siaya kule Ziwa Victoria, ila shimo la taka halitajwi. Nilihudhuria kikao kimoja huku pwani, soda zikagawiwa, projekta ikawashwa, mzee mmoja mvuvi akasimama na kofia mkononi akauliza, "Mwanangu, kila jiko lina majivu, ya hili lenu mtayamwaga wapi?" Afisa akacheka!! Eti hilo tutaliangalia mbele ya safari, akaruka picha inayofuata.

Mbele ya safari ipi? Fueli ya nyuklia ikishaisha kazi inatoka kinuni ikiwa ya moto na mionzi ya kuua, inalowekwa kwenye bwawa miaka kadhaa ndio ihamishiwe kwenye makasha ya chuma na zege, na hapo bado haijazikwa. Plutoni iliyomo, moja ya sumu zenye mionzi, inachukua miaka 24,000 kupungua nusu. Nusu tu jamani!

Marekani na hela zao zote walitunga sheria ya kuzika 1982, wakawa wanawakata wateja wa umeme pesa ya kazi hiyo, wakaahidi kuanza kuzichukua taka 31 Januari 1998. Mwaka 1987 bunge lao likaamua ni Yucca Mountain kule Nevada na kwengine kusichunguzwe tena, wenyeji wakagoma, mabilioni yakatumika na mradi ukakwama. Leo tani kama 90,000 ziko palepale kwenye vinu, nyengine kando ya kinu kilichofungwa zamani.

Finland wao waliweka ratiba ya kuzika 1983, halmashauri ya Eurajoki, pale panapochimbwa shimo, ikapewa haki kisheria ya kusema hapana, ikakubali 2000, uchimbaji ukaanza 2004, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, mitungi ya shaba inazungushiwa udongo wa bentonaiti. Miaka ishirini na ushee ya kupima mawe na kuongea na watu kabla ya sululu la kwanza, sisi tunaambiwa tukubali kinu kwanza maswali baadae, na watu wa Uyombo walipoandamana 2024 wakapigwa na polisi!

Umeme tunautaka, hakuna aliyekataa umeme. Kama kuna mdau ana ripoti yoyote ya mradi huu yenye ukurasa wa kuzika taka, na jina la mahali na nani atalipia, aweke picha hapa hapa, yule mzee nitampelekea mwenyewe mkononi.