Kikundi cha Safu ya Pili: Njia na Gati, Ziwa Naivasha

Mzee Karanja: Majirani, habari za jioni. Wengi wenu mko Nairobi na safari ya Naivasha ni ya wikendi, basi tumalize hapa hapa. Ploti zetu za safu ya pili hazigusi ziwa, na kuna rasimu ya barua kwa kaunti: itupe njia ya kufika majini kupitia ploti za mbele zinazopakana na ziwa, pamoja na kibali cha gati la pamoja. Wakili, tusaini?

Wakili Adhiambo: Hapana Mzee, ngojeni kwanza. Barua hiyo inagusa vitu vitatu kwa mlango mmoja, yaani njia, ziwa na ujenzi, na kaunti inashika kimoja tu. Njia inakata ardhi yenye hati ya mtu binafsi: hiyo ni ya kukubaliana naye au kwenda mahakamani. Ziwa ni ardhi ya umma kwa Kifungu cha 62 cha Katiba, chini ya serikali ya kitaifa, na msimamizi ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC. Kaunti kazi yake ni kuidhinisha ujenzi na ugawaji wa ploti. Ukiomba gati kabla ya kuonyesha unapitia wapi, afisa wa mipango atakataa, na hatakuwa amekosea.

Mama Tumaini: Lakini wakili, si sheria inasema mwenye shamba lililozingirwa apewe njia?

Wakili Adhiambo: Inasema, mama. Kifungu cha 140, Sheria ya Ardhi ya 2012. Unaomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo yaweza kuamuru upite kwa jirani. Ila ni njia ya kufika kwenye shamba lako. Sisi tuna barabara kutoka Moi South Lake Road hadi getini. Kukosa ziwa si kuzingirwa. Msiweke pesa ya kesi hapo.

Kiprono (mpima ardhi): Na kile kinjia cha kando ya ua wa michongoma? Kimepitwa miaka mingi.

Wakili Adhiambo: Sheria ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 32: miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kukatizwa, na upite kama mwenye haki. Hilo la mwisho ndilo huangusha wengi. Kama mwenye ploti alikuwa anawaachia ufunguo wa geti, au mlikuwa mnamwomba, hiyo ilikuwa ruhusa, na ruhusa haizai haki hata ikae miaka 40. Mwenye ushahidi wa zamani, picha au ramani, alete. Lakini tusiutegemee huo peke yake.

Mzee Karanja: Njia iliyo salama ni ipi basi?

Wakili Adhiambo: Kukubaliana na mmoja wa safu ya mbele, kumlipa, na kusajili haki ya kupita kwenye hati yake. Ikisajiliwa, akiuza kesho mnunuzi anaikuta kwenye rejista. Makubaliano ya kupeana mkono yanaisha siku ploti inapouzwa. Kabla ya kulipa chochote, fanyeni upekuzi wa hati yake kwenye rejista ya ardhi. Ikiwa na rehani, idhini ya benki ipatikane kwa maandishi. La sivyo benki ikiuza ploti kwa deni, mtaanza kugombania njia upya na mtu asiyewajua.

Mama Tumaini: Si tununue tu kile kipande cha njia kiwe chetu?

Kiprono: Inawezekana, mama, ila huo ni ugawaji wa ploti. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, juu ya kibali cha kaunti na hati mpya. Haki ya kupita ni nyepesi zaidi. Upana: mita 3 zatosha miguu na mkokoteni. Mkitaka trela ya boti, mita 4 na mahali pa kugeuzia. Mchoro uchorwe na mpima mwenye leseni, bikoni, yaani alama za mpaka, ziwekwe pande zote mbili.

Kiprono: Na kuna kosa moja la michoro ninalotaka mlikwepe. Mtu anachora njia inaishia "ufuoni" kama ufuo ulivyo leo. Naivasha haitulii. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakaingia mtaa wa Kihoto, na yakishuka yanaacha tope refu. Mkataba useme njia inakwenda hadi maji yalipo ndani ya ploti hiyo, yakipanda na yakishuka. Mwisho wa hati yake kuna ukingo wa ziwa ambao si wake kuwauzia. Akiwatoza bei ya hapo, kataeni.

Njeri (Michigan, Marekani): Habari wapendwa. Huku sheria ya jimbo ya 2012 inakataza kufunga boti usiku na kuweka vyombo vya kupandishia boti mahali barabara ya umma inapoishia ziwani, isipokuwa hati au ramani ya mtaa iliruhusu. Serikali ya mtaa inaweza kuruhusu gati moja la msimu, la kutumiwa na umma wote. Watu wa ploti za nyuma walikuwa wanajigawia mwisho wa barabara kama mali yao. Andikeni mapema nani anafunga boti na ngapi.

Wakili Adhiambo: Asante dada, hilo liingie kwenye mkataba: idadi ya boti, saa, nani anafyeka, nani anakarabati. Haki ya kupita peke yake haimaanishi haki ya kuegesha.

Musyoka (fundi): Kuhusu gati lenyewe, msijenge la nguzo za zege. Maji yakipanda linazama, yakishuka linabaki juu ya tope. Jengeni la kuelea. Mita 6 kwa 2, mapipa 16 ya plastiki ya lita 200, vifuniko vimezibwa. Kila pipa hubeba kama kilo 190 likizama lote, jumla kilo 3,000 hivi. Mbao na fremu kilo 600, watu 10 kilo 800. Linakaa karibu nusu ndani ya maji, ndiyo mnavyotaka. Daraja la kushukia liwe na bawaba upande wa nchi kavu.

Musyoka: Nanga ziwe nne, mnyororo mara tatu ya kina. Gugu maji likisukumwa na upepo huja kama mkeka mzito na huburuta gati lisilofungwa vizuri. Mafunjo msiyafyeke, na njia msiibane kwa ua pande mbili: viboko hutoka usiku kula, na mtu akikutana naye mahali pasipo na pa kukimbilia ni hatari kubwa.

Mama Tumaini: La kuelea nalo linahitaji kibali?

Wakili Adhiambo: Ndiyo. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinagusa chochote kinachojengwa au kuwekwa ndani ya ziwa au chini yake. Kwanza tathmini ya athari kwa mazingira na idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa maandishi. Kisha kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019: wana siku 60 kuamua. Wakikataa, mna siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo siku 14 kuamua. Siku hizo zinapita haraka, kwa hiyo barua yoyote ikifika piga picha uiweke hapa siku hiyo hiyo. Boti zenyewe ni kazi ya KMA, mamlaka ya usafiri wa majini.

Mzee Karanja: Na kama safu ya mbele wote watakataa?

Wakili Adhiambo: Kikundi kinaweza kuomba NLC njia ya jumuiya, kifungu cha 145 cha Sheria ya Ardhi. Mwenye ardhi hulipwa fidia, na njia inakuwa ya kila mtu, si yetu tu. Kwangu hilo si baya hata kidogo: wavuvi nao wanabanwa na nyua zile zile. Pia kuna wakati mmoja ambapo kaunti ina nguvu kweli: mmoja wa mbele akiomba kugawa ploti yake, kibali kinaweza kuwekewa sharti la njia. Tukiona tangazo, tupeleke pingamizi kwa maandishi kabla muda haujaisha.

Mzee Karanja: Basi barua tunaisitisha kwanza. Kiprono, tuletee ramani ya eneo kutoka Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji, Ruaraka. Wakili afanye upekuzi wa hati tatu za mbele. Hadi hapo tutumie ufuo wa umma wa Karagita au Kamere.

Kiprono: Naenda Ruaraka Jumanne asubuhi, Mzee. Mama Tumaini, nitumie nakala ya hati yako, namba ya ploti isomeke.

Mama Tumaini: Nimetuma, ukurasa wa kwanza na mchoro.