Naomba ushauri: kifaa cha bei nafuu cha kuangalia YouTube na Netflix kwenye TV ya kawaida, bando lisiniue

Chausiku wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nina TV ya inchi 32, si smart, ni ile flati ya kawaida yenye matundu mawili ya HDMI na moja la USB. Picha bado safi, sioni sababu ya kuibadilisha. Ninachotaka ni kitu cha kuchomeka nyuma ili tuangalie YouTube na Netflix (akaunti ninayo, naangalia kwenye simu), watoto nao wapate katuni zao waache kunigombania simu. Mama akija kutoka Tanga anataka mawaidha na taarabu za zamani, na macho ya kukodolea simu hana tena.

Bajeti isizidi laki na nusu. Intaneti ni ruta ya 4G ya laini, bando la mwezi GB 60, na hilo ndilo linanitia hofu. Nyumba ya tofali, ruta iko chumbani dirishani maana ndiko mtandao unakokamata, TV iko sebuleni.

Nilipita Kariakoo. Winga mmoja akanionyesha box jeusi limeandikwa 8K, RAM GB 16, memori GB 256. "Dada hii ndiyo ya mwisho, chaneli zote za mpira bure." Elfu tisini. Duka la pili wakanionyesha kijiti cha Xiaomi, RAM GB 2 na memori GB 8, na bei juu zaidi. Sijanunua chochote. Inakuwaje chenye namba ndogo ndicho ghali? Shemeji yangu yuko Dubai, anarudi mwezi ujao, naweza kumwagiza.

Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Naweka kiti hapa. Shida yangu ni hiyo hiyo ila TV yangu ni ya chogo. Na mimi nimo au nirudi nyumbani?

Fundi Sinza

Dada Chausiku, vizuri hukutoa hela papo hapo.

Tuanze na hizo namba. Hakuna box la elfu tisini lenye RAM GB 16. Wanachofanya ni kuchezea mfumo, ukifungua sehemu ya maelezo ya kifaa unasoma walichoandika wao. Ndani ukikuta GB 2 shukuru. Na 8K kwenye inchi 32 ya nini? TV nyingi za saizi hiyo ni pikseli 1366 kwa 768, hata 1080 haifikishi. Namba zile zimebandikwa kama jezi ya Messi mgongoni kwa mcheza ndondo.

Usiulize RAM, uliza mfumo. Kuna Android TV, ambayo sura yake mpya inaitwa Google TV. Hii imetengenezwa kwa ajili ya rimoti, na kifaa kimepitishwa na Google wenyewe. Halafu kuna Android ya tableti iliyosukumiwa ndani ya box. Ya winga ni hii ya pili. Itawaka, YouTube itafunguka, lakini Netflix haiitambui: ama inagoma kabisa ama inakupa picha ya 480p, yaani hafifu, kwa sababu kifaa hakina ulinzi wa Widevine, ule wa kuzuia video zisinakiliwe, wa daraja la L1. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti kisikudanganye, kitufe anachapa yeyote.

Za bei ya chini zenye kibali ninazofunga kwa wateja ni Xiaomi TV Stick 4K na Xiaomi TV Box S kizazi cha pili, lile la 2023. Zote RAM GB 2, memori GB 8, na zinatosha. Ikikupitia Chromecast with Google TV ya 4K nayo nzuri, ila Google waliisimamisha 2024 walipoleta Google TV Streamer, kwa hiyo uliza vizuri kama ni mpya au imeshatumika. Kimbia Mi TV Stick ya zamani ya 1080p. Ina kibali, lakini RAM yake ni GB 1, na ukibonyeza rimoti unaweza kwenda kupika chai ukarudi.

Dukani mwambie muuzaji awashe mbele yako. Ikifunguka ukurasa wenye picha ya ukutani na vijialama kama vya simu, rudisha. Ingia Play Store, kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo, isome kwamba kifaa kimethibitishwa. Na ukisikia "kwanza tuzime Play Protect ndio programu ziingie", aga uondoke, maana huo ndio mlinzi wa Google wa kukagua programu ovu.

@Siti ya Mbele umo. Kuna kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Hakikisha ni HDMI kwenda AV, si AV kwenda HDMI, maana wanauza zote mbili na kwa nje zimefanana. Ila maandishi ya menyu kwenye chogo utayasoma kwa kukisia.

Bosi wa Bure

Mnamtisha dada wa watu. Mimi nina box la T95, mpira naona, filamu naona, silipi hata mia. Hizo za kibali ni biashara ya wakubwa tu.

Kimya Kimya

@Bosi wa Bure umetaja yenyewe sasa. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Kanada, Daniel Milisic, alinunua T95 akaipima, akakuta ina programu ovu iliyowekwa kabla haijatoka kwenye boksi. Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya Human Security ikatoa ripoti ya mtandao mzima wa mabox ya aina hiyo, wakauita BADBOX. Juni 2025 FBI wakatoa onyo kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google wakawafungulia kesi waendeshaji wake huko New York, wakisema vifaa vilivyoathirika vinapita milioni 10. Hayo si maneno ya kijiweni.

Unachopoteza hukioni kwenye TV. Box linageuzwa mlango: watu usiowajua wanapitia intaneti yako kufanya utapeli wao, na huko waliko inaonekana ni wewe. Tena kwa sisi wa bando ni balaa mara mbili, kwa sababu linakula hata mkiwa mmelala. Binamu yangu alikuwa analalamika GB zinayeyuka usiku. Tukaingia kwenye ukurasa wa ruta, tukakuta box lake lisilo na jina ndilo linaongoza kwa matumizi, na TV ilikuwa imezimwa tangu magharibi. Tulipolichomoa, bando likatulia.

Na hizo "chaneli zote" ni mkondo wa wizi. Siku seva ikifungwa hakuna wa kumdai.

Bosi wa Bure

Mimi nina fiba bwana, wale tu hao wageni 😂

Kimya Kimya

Haya. Polisi wakija na namba yako ya intaneti uwaambie una fiba.

Mswahili wa Kisauni

Dadangu Chausiku, salamu kutoka Mombasa. Box wameshakueleza, mimi nizungumzie bando, maana hapo ndipo wengi hulia.

Netflix wenyewe wameandika kiasi kinacholiwa. Ubora wa juu wa HD ni hadi GB 3 kwa saa. Wa kati ni hadi GB 0.7, wa chini GB 0.3. Mkiangalia saa mbili kila siku kwa ubora wa juu, mwezi unakula GB 180. Kwa ubora wa kati ni GB 42, yaani bando lako la 60 linatosha na chenji ya WhatsApp inabaki. Kwa hivyo kabla hujachomeka chochote, ingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu au kompyuta, chagua profaili, nenda kwenye mipangilio ya uchezaji, weka Medium. Kila profaili ina mpangilio wake, usiiache ya watoto. Kwenye inchi 32 ukikaa kochi la mbali, tofauti haitakutoa roho.

YouTube ndiyo sumbufu. Kwenye TV mara nyingi hurudi Auto kila video, na Auto ikiona mtandao uko sawa hupanda juu. Waonyeshe watoto wakubwa ile alama ya gia, 480p. Kisha uzime video kujifuata zenyewe. Hilo la pili lina faida kushinda la kwanza, kwani mtoto akisinzia mbele ya katuni, TV yaendelea peke yake hadi alfajiri.

Kitu kingine, nyimbo za mama na katuni zinazorudiwa kila siku hazina haja ya kuvutwa upya kila siku. Kama una video zako halali, au mawaidha yanayogawiwa bure, tia kwenye flashi ucheze kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Hapo ndipo TV Box S inaipiku kijiti: ina tundu la USB la kawaida, kijiti hakina. Flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, husomwa karibu kila mahali, ila haipokei faili moja linalopita GB 4.

Chausiku wa Goba

Jamani asanteni, hiyo hesabu ya 180 imenitoa jasho. Kwa hiyo la winga nimeliaga.

Maswali machache. Shemeji alete kutoka Dubai au ninunue hapa? Mpira na tamthilia za king'amuzi changu nitavipata humo? Na je, nikirusha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV, bando la simu linakatwa?

Mkwezi wa Muscat

Niko upande huu wa Ghuba, nijibu la shemeji. Plagi za Dubai ni zile zile za pini tatu bapa kama za nyumbani, na umeme ni huo huo, kwa hiyo hapo hakuna shida. Ila akija sokoni kule akaambiwa "Android box", ayajue: mabox ya 8K yapo na huku, tena yamepangwa mbele. Mwandikie jina kamili na mtumie picha ya boksi, na kwenye boksi pawe na maandishi ya Google TV au Android TV. Mwambie atunze risiti, ingawa ikifa ukiwa Goba, dhamana ya duka la Dubai utaisikia tu. Kama tofauti ya bei ni ndogo mimi ningenunua hapo hapo Dar kwenye duka lenye mlango, si kwa mtu anayetembea.

Atakushawishi kuleta Fire TV Stick. Si mbaya, lakini inatumia mfumo wa Amazon na haina Play Store, programu za kwetu unaweza kuzikosa. Mwenye ndugu Marekani aagize ile onn 4K ya Walmart, ilipotoka 2023 ilikuwa chini ya dola 20, na ni Google TV ya kibali. Adapta yake ya pini mbili itupe, tumia ya simu inayofikia kiwango kilichoandikwa.

Fundi Sinza

Mpira na tamthilia: hakuna box linalokupa haki ya mpira. Haki iko kwa aliyenunua matangazo. Ukiwa na kifurushi kilicholipiwa, unaingia kwenye programu ya hao hao kwa akaunti yako. Ila si kila programu ya simu ipo kwenye Play Store ya TV, tafuta jina lake ukiwa dukani kabla ya kulipa. Ikikosekana, angalia kama ile ya kwenye simu ina alama ya kurusha, kile kiskrini chenye mawimbi pembeni.

Kurusha kwa alama hiyo, simu inakuwa rimoti tu. Box lenyewe ndilo linavuta video kupitia Wi-Fi, kwa hiyo linalokatwa ni bando la ruta. Kuakisi skrini nzima ya simu ni jambo jingine, na betri inakwisha haraka, achana nako.

Ukishanunua, usichomeke umeme wake kwenye USB ya TV. Tundu la TV nyingi linatoa nusu ampea, kifaa kinataka ampea 1 au zaidi, ndiyo maana watu wanasema "linajizima lenyewe". Tumia adapta iliyokuja nayo, na uipitishe kwenye kilinzi cha TV, umeme wetu unaujua unavyorudi kwa kishindo.

Wi-Fi: ruta za siku hizi mara nyingi zina masafa mawili. La 5GHz lina kasi ila tofali linalichosha, kwa kutoka chumbani hadi sebuleni tumia 2.4GHz. Ruta ibaki dirishani hapo hapo. Kijiti kikibanwa nyuma ya TV mawimbi yanapungua, tumia kile kiwaya kifupi cha HDMI cha kurefusha ukitoe pembeni. Kwa 720p Netflix wanataka Mbps 3, hiyo 4G yenye afya inatoa bila kuhema.

Fungua Gmail mpya kwa ajili ya TV. Ukiweka yako, YouTube yako yote itajaa katuni na siku mtoto akibonyeza kununua kitu, kadi ni yako. Memori GB 8 si zote zako, mfumo umeshachukua sehemu yake, kwa hiyo weka programu nne tano unazotumia kweli. Magemu hapana.

Chausiku wa Goba

Nimechukua TV Box S, duka lenye mlango, wameiwasha mbele yangu na Play Store inasema imethibitishwa. Bei imepita bajeti kidogo lakini sawa. Picha safi, Netflix imekubali. Sasa rimoti yake inaendesha kila kitu ila sauti ya TV haipandi, na nikizima box TV inabaki inawaka. Rimoti mbili kwa mama itakuwa kesi.

Fundi Sinza

Hongera. Hiyo ni HDMI-CEC, njia ya rimoti moja kuendesha box na TV kupitia waya wa HDMI, imezimwa upande wa TV. Ingia menyu ya TV, si ya box. Samsung wanaiita Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync, nyingine zimeandika CEC tu. Washa, kisha kwenye box pia nenda mipangilio ya skrini na sauti uiwashe. Sauti ikikataa bado, hamisha waya kwenye tundu la pili la HDMI, kuna TV CEC yake iko tundu moja tu.

Chausiku wa Goba

Tundu la pili ndilo lilikuwa lenyewe. Imekubali.

Siti ya Mbele

Mimi na chogo langu tunaomba namba ya fundi wa vigeuzi 😅