Sala isiwe ya mdomoni tu: tufanyeje, hasa tunapoongoza wengine?

Mwombezi wa Lanet (Nakuru)

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Tuko na kikundi cha maombi cha Jumatano jioni, watu kumi na wawili hivi, na tunapokezana kuongoza.

Shida ni hii. Mtu akisimama kuongoza, sauti inabadilika. Anayeongea kwa upole kila siku anaanza kunguruma, "Baba" inaingia kila baada ya maneno matatu, na dakika tano hazijaisha sala imegeuka mahubiri. Wengine wanaitumia sala kumjibu mwenzao waliyekosana naye. Tukimaliza, aliyeongoza anaambiwa "leo umeomba kweli", na sielewi huwa tumepima nini. Halafu mtu huyo huyo akiwa peke yake chumbani, dakika mbili zinamshinda. Akili iko kwa karo na kwa shamba.

Unyofu wa moyo katika sala unafundishwa, ama mtu huzaliwa nao? Dawa ni kuomba kimya na kwa ufupi? Wenzangu wengine wanataka tushuke kwenye mapango ya Menengai tufunge siku tatu ili mioyo ivunjike. Sipingi, ila nataka kujua Jumatano itakayofuata tutafanya nini tofauti.

Katekista Kondele (Kisumu)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu, anza na Luka 18:9-14, mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda hekaluni kusali, na uisome polepole maana wengi wanaikumbuka vibaya. Wanadhani Farisayo alikosea kwa kupaza sauti, kumbe Biblia ya Union inasema aliomba "moyoni mwake". Kwa hiyo kimya peke yake hakimwokoi mtu. Wala hasomeki kama mwongo: Torati iliagiza siku moja tu kwa mwaka ya kuitesa nafsi, Siku ya Upatanisho katika Walawi 16, naye alifunga mara mbili kwa juma. Hata alianza kwa kushukuru, tunavyofundisha watoto. Sasa tafuta ombi katika sala yake. Halipo. Amesimama hekaluni na hana anachohitaji kwa Mungu, na jicho lake limekwenda kwa mtoza ushuru aliyesimama mbali.

Yule wa pili ana sentensi moja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Anayeombwa yumo, kinachoombwa kimo, na mwombaji amejitaja alivyo. Hakujiita mdudu, hakueleza jinsi alivyohuzunika, hakuahidi makubwa. Huo ndio unyenyekevu ninaoujua katika Maandiko: mtu kukaa mahali pake halisi mbele za Mungu, asipande juu yake wala asijizike chini yake kwa maneno.

Ndiyo maana nasema unyofu unafundishwa. Ungekuwa hisia, tungengoja uje wenyewe. Lakini kusema kweli ni jambo la kujifunza. Moyo ukiwa mkavu, sala nyofu ni "Bwana, leo moyo wangu ni mkavu, na nusu ya akili yangu iko kwa karo." Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alileta shaka yake bila kuifunika, na mtoto akapona. Wanafunzi nao walipoomba "Bwana, tufundishe sisi kusali" hawakukaripiwa. Walipewa Baba Yetu, ambayo inataja kwanza jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake, ndipo ifike kwa mkate. Sala ya mtu ikianza na "mimi" na kuishia na "mimi", aipange upya kwa mfuatano huo. Itamnyoosha hata kabla ya kujisikia amenyooka.

Mama Ibada (Njoro)

Msingi umeshawekwa hapo juu. Mimi nishuke kwa utaratibu wa Jumatano, kwa sababu kasoro nyingi unazotaja zinatokana na jinsi kikao kinavyopangwa, halafu tunalaumu roho za watu.

Tengeni dakika kumi za kukusanya mahitaji kabla ya sala yoyote, na mtu mmoja ayaandike kwa karatasi. Kila hitaji la mtu mwingine liulizwe: mwenyewe ameruhusu litajwe? Kama hajaruhusu, semeni "ndugu mmoja" na muishie hapo. Bila hatua hii, sala inakuwa umbea uliovaa kanzu.

Kisha kaeni kimya kabla ya mtu wa kwanza kufungua kinywa. Nusu dakika inatosha juma la kwanza, dakika moja juma la pili, na mkizoea mfike dakika tatu. Msianze na dakika tano. Watu wataanza kukohoa na kupapasa simu, na mmoja atawaokoa kwa kuanzisha pambio, basi kimya kitakuwa kimekufa kwenu.

Gawanyeni mahitaji: mtu mmoja, jambo moja, dakika mbili. Kwa watu kumi na wawili hiyo ni dakika ishirini na nne. Mtu akijua ana jambo moja tu hana haja ya kuzunguka dunia, na wengine wanaweza kuitikia "Amina" wakijua wameitikia nini. Mtume Paulo aliliona hilo katika 1 Wakorintho 14:16: asiyeelewa ataitikaje Amina? Ni swali la haki kwa kila anayeongoza.

Mahubiri ndani ya sala yanagunduliwa hivi: ondoa neno "Baba" kwenye sentensi, usikilize kilichobaki. "Baba, unajua mkutano wa akina mama ni Jumamosi saa nane." Hilo ni tangazo. "Baba, wako watu humu wanachelewa." Hilo ni karipio, na Mungu ametumiwa kama njia ya kulifikisha. Kwa toba ya pamoja semeni "sisi". Danieli sura ya 9, ambaye kitabu chake hakimsimulii kosa, anaomba "tumefanya dhambi". Toba inayosema "wao" ni mashtaka.

Kuhusu "Baba" kurudiwa, msiikataze. Inazidi kwa sababu kinywa kimetangulia wazo na kinatafuta cha kujaza pengo. Mtu akikatazwa ataanza kuhesabu maneno yake, na hapo hatakuwa anaomba tena. Mwambieni anaruhusiwa kunyamaza katikati, kuvuta pumzi, kisha aendelee. Neno litapungua lenyewe. Kama mnatumia kipaza sauti kwa watu kumi na wawili, kizimeni. Kinamlazimisha mtu kuwa na sauti isiyo yake.

Na ile "leo umeomba kweli" iachwe kabisa. Katika Mathayo 6:5 Bwana anasema wanaosali ili waonekane "wamekwisha kupata thawabu yao". Tukimpa mwenzetu sifa hizo tunamlipa kwa kazi asiyopaswa kulipwa na sisi, na wiki ijayo atazitafuta tena.

Mzee wa Mbale (Vihiga)

Mama Ibada, nakubali karibu yote. Ila ndugu zangu msije mkaifanya sauti kuwa dhambi. Bartimayo alikemewa anyamaze, akazidi kupaza, na Yesu akasimama kwa ajili yake. Waebrania 5:7 inasema Bwana mwenyewe aliomba "pamoja na kulia sana na machozi". Kwa upande mwingine Hana katika 1 Samweli 1 alisogeza midomo tu, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu aliwasikia wote.

Hapa Vihiga tunayaona yote mawili jirani kwa jirani. Tuko na Marafiki, yaani kanisa la Quaker, waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na chimbuko la mapokeo yao ni ibada ya kungoja kimya. Tuko na African Israel Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, wenye kanzu, ngoma na maandamano barabarani. Mnafiki anaweza kujificha katika kimya kama anavyojificha nyuma ya ngoma.

Urefu nao pia. Manabii wa Baali waliita tangu asubuhi hata adhuhuri, Eliya akaomba mistari miwili tu (1 Wafalme 18:36-37). Lakini Luka 6:12 inasema Yesu alikesha usiku kucha katika kumwomba Mungu, na Gethsemane aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Basi kurudia si kosa, na kesha si kosa. Soma sababu iliyotolewa katika Mathayo 6:7: watu wa mataifa "hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi". Tegemeo lao ndilo lililokosewa. Augustino, askofu wa Hippo, alipomwandikia mjane Proba mwanzoni mwa karne ya 5, alitenganisha hayo mawili: kusema mengi ni kitu kingine, na kudumu katika hamu ya Mungu ni kingine. Aliwataja ndugu wa Misri waliokuwa na sala fupifupi za mara kwa mara ili usikivu wao usichakae. Kikundi cha Lanet kinaweza kuiga hilo bila gharama yoyote.

Menengai: nendeni mkitaka, lakini kwanza Mathayo 5:23-24. Umesema wako wanaojibizana ndani ya sala. Hao wawili wakutane kabla ya safari, maana Bwana aliagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na ndugu yake. Hakuna pango litakalofanya kazi hiyo kwa niaba yao. Na wanaofunga wanywe maji. Wenye kisukari, wajawazito na wanaotumia dawa za kila siku wasifunge chakula bila ushauri wa daktari. Mkirudi, mnawe nyuso na kujipaka mafuta, msitangaze mlikuwa wapi (Mathayo 6:17-18).

Dada wa Maseno

Niongeze upande wa chumbani, kwa sababu anayeomba kwa nadra akiwa peke yake ndiye anayelazimika kuigiza mbele ya wenzake.

Robo saa inatosha kuanzia. Chukua Zaburi 13, ina mistari sita. Ya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" imerudiwa mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini. Isome yote kwa sauti ya kawaida, kisha rudi na usimame kwa kila sehemu ukiweka jambo lako mahali pa Daudi. Usiruke malalamiko ili ufike haraka kwa sifa. Wanaoruka hapo ndio wanaolalamika kwamba sala haina uhai, kwa sababu kile kilichokuwa kinawaumiza hakikuletwa mbele za Mungu.

Katika toba, taja tendo. "Nisamehe dhambi zangu zote" ni sala halali, lakini haimgusi mtu popote. "Gorogoro niliyompimia mteja jana haikujaa" inagusa, tena inaonyesha la kufanya kesho sokoni. Zakayo mtoza ushuru katika Luka 19:8 alisema wazi atarudisha mara nne alichonyang'anya.

Akili ikikimbilia karo, iombee hiyo karo, dakika moja, kisha urudi kwa zaburi. Kupigana nayo ndiko kunakokula muda. Ignatius wa Loyola aliwaelekeza wanaofanya mazoezi yake ya kiroho watumie robo saa baada ya sala kuangalia ilivyokwenda. Kwa sala ya robo saa, dakika tatu zatosha: wapi nilikuwa mkweli, wapi nilipamba?

Jihadhari na jambo moja ambalo halijatajwa. Wakolosai 2:23 inasema kuna kunyenyekea kwa ibada ya kujitungia, ambako hakufai kitu. Mtu anajiita mavumbi, takataka, si kitu. Kipimo ni rahisi: mwingine akikwambia hayo hayo mbele ya watu, utakasirika? Kama ndiyo, basi ulikuwa unapamba. Sema dogo lililo kweli.

Mwombezi wa Lanet (Nakuru)

Asanteni sana wazazi na ndugu. Jumatano hii tutaanza na karatasi na nusu dakika ya kimya. Swali la mwisho: tuko na mzee ambaye sala yake hufika dakika kumi na tano, na kwa umri wake hakuna anayethubutu kumwambia. Hizo dakika mbili tutamwelezaje bila kumvunjia heshima?

Mama Ibada (Njoro)

Msiweke mpaka mbele yake siku ile ile. Mtu wa rika lake amtembelee nyumbani kabla ya Jumatano, amweleze utaratibu mpya wa kikundi kizima na kuomba baraka zake, maana utaratibu aliouridhia mzee hauvunjwi na vijana. Siku yenyewe anayefungua kikao autaje kwa wote, na jina la mtu lisitajwe. Mzee apewe kufunga kikao, kwani ni nafasi inayomstahili, na apewe zaburi ya kufungia. Zaburi 117 ina mistari miwili. Aisome, aombe, awabariki. Na akivuka dakika mbili siku ya kwanza, mwacheni amalize.