Simiti ya bure

*Jumamosi*

Katibu: Assalamu alaykum wana mtaa. Kesho makaburini saa kumi na mbili unusu, kabla jua halijakaza. Tulipofyeka mwezi jana pashaota tena, mvua hizi! Mwenye panga aje nalo. Glavu ninazo jozi sita.

Ami: Waalaykum salaam. Nipo. Lakini mmeuona ukuta wa makaburi, upande wa ghorofa linalojengwa? Katapila limechimba hadi chini ya msingi wetu. Nimetia mkono kwenye ufa, umeingia wote hadi kifundoni.

Katibu: Nimeuona Ami. Jana nikamwendea msimamizi wa ujenzi. Muungwana, sisemi uwongo, kanikalisha kitini na soda. Atatupa mifuko kumi ya simiti bure tuutengeneze wenyewe.

Binamu Dubai: Maashallah! Chukueni haraka kabla hajageuka 😂

Fundi: Msichukue.

Binamu Dubai: Kha! Cha bure nacho chakataliwa?

Fundi: Ukuta ule ni matumbawe na chokaa. Matumbawe yanywa maji, na chumvi imo. Chokaa yapumua, maji yakiingia hutoka. Ukiziba na simiti maji yabaki ndani, chumvi yagandia humo humo, jiwe lamomonyoka kwa ndani na nje kwang'ara. Halafu siku moja plasta yaanguka na uso wa jiwe. Kaangalieni kaburi la pili ukiingia, lile lililopakwa simiti zamani. Ukiligonga lalia kama debe.

Mama Ghorofani: Kweli wallahi. Nililigonga nikadhani najibiwa 🙈

Bi Mkubwa: Astaghfirullah. Kaburi lagongwa kama mlango?

Mama Ghorofani: Shikamoo Bi. Nilikuwa nafagia majani tu.

Bi Mkubwa: Marahaba. Sikizeni. Profesa Ali Mazrui alifia Marekani mwaka 2014, bahari zote hizo, akaletwa Mombasa akazikwa kwa wazee wake pale karibu na Ngomeni, Fort Jesus. Sisi kutoka barazani kwangu hadi makaburini hatua mia hazifiki, na wazee wetu twataka kuwapaka simiti ya soda?

Binamu Dubai: Nimenyamaza Bi 😂😂

Ami: Sasa tumjibuje yule bwana? Tukikataa tu ataona twajidai.

Fundi: Simiti yake ajengee ukuta wa kuzuia udongo, upande wake, ndani ya shimo lake. Huko ndiko mahali pake. Sisi atupe mbao za kuegemeza ukuta wetu. Na kile kifusi alichomwaga juu ya makaburi ya watoto akiondoe kwa karai, si kwa katapila.

Katibu: Namwandikia usiku huu, nakala kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, afadhali mambo yawe kwenye karatasi. Soda haina sahihi.

Binamu Dubai: Natuma elfu tatu, ya chokaa.

Fundi: Shukran. Itabidi ilowekwe kwanza wiki kadhaa, kwa hivyo kesho hakuna kujenga. Na ule mwarobaini ulioota ukutani asiung'oe mtu! Utatoka na mawe. Ukateni usawa wa jiwe.

*Jumapili*

Mjukuu: Bi, nimeokota kipande cha sahani pembeni ya kifusi. Cheupe, maua ya buluu.
📷 Picha

Mama Ghorofani: Karibu na lile kaburi lenye vishimo vya duara?

Mjukuu: Chini yake hasa. Nimekipachika kwenye kishimo kimoja, kimekaa sawasawa.

Bi Mkubwa: Wazee walikuwa wakipamba makaburi kwa sahani na bakuli za Kichina. Zilizobaki zilichokolewa na watu mimi ningali msichana.

Mjukuu: Nikuletee ukione?

Bi Mkubwa: Usilete kitu cha makaburini nyumbani. Nishakiona kwenye simu.

Katibu: Kirudishe ulipokiokota, ukipige picha na rula kando. Kesho nawaarifu watu wa Makumbusho waje wakione hapo hapo.

Ami: Msimamizi kajibu. Mbao Jumanne. Kifusi kasema "tutaona".

Bi Mkubwa: Mwambie nitakwenda kuona mimi. Na kiti changu.